Gharama ya Kupona: Historia ya Madhara ya Dawa za Kifua Kikuu, Kutoka Kibong'oto Hadi Machochwe

Mkazi wa Machochwe anayegundulika na kifua kikuu leo hupewa vidonge ambavyo kila kimoja kimebeba dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Mtu mzima wa kilo 55 hadi 70 humeza vidonge vinne kwa mpigo kila siku kwa miezi 2, kisha huendelea na vile vyenye dawa mbili kwa miezi 4. Kata yake iko wilaya ya Serengeti, pembezoni mwa hifadhi, na akizidiwa hupelekwa Mugumu, makao makuu ya wilaya. Siku ya kwanza, mhudumu asiye na haraka humweleza kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa na asishtuke, kwamba miguu ikianza kuwaka moto au kufa ganzi arudi upesi, kwamba macho yakiwa ya manjano aache dawa na kwenda hospitali siku hiyohiyo. Foleni ikiwa ndefu mlangoni, humwambia neno moja tu: usiache dawa.

Kila onyo kati ya hayo lina historia yake, na nyuma ya kila onyo wapo watu walioumia kabla halijaandikwa kwenye mwongozo. Ukiifuata historia hiyo tangu mwanzo, utaona jambo moja likijirudia. Madhara ya dawa hizi yalijulikana mapema, mara nyingi ndani ya miaka michache tangu dawa itoke maabara. Kilichochelewa ni uamuzi wa kuyaondoa, na uamuzi huo umefuata bei ya dawa mbadala kuliko ulivyofuata maumivu ya mgonjwa.

Enzi ya kulala na kungoja, 1926–1946

Kabla ya dawa, tiba ilikuwa hewa safi, chakula na kitanda. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu Kibong'oto, kwenye miteremko ya magharibi ya Mlima Kilimanjaro, ambako leo ni wilaya ya Siha. Baridi ya mlimani ilidhaniwa kutuliza mapafu, kama madaktari wa Ulaya walivyoamini kuhusu milima ya Uswisi. Huko Ulaya na Marekani walikuwa pia wakilikunja pafu lenye ugonjwa kwa kuingiza hewa kifuani ili lipumzike, au kukata mbavu.

Kwa mtu wa mkoa wa Mara, ambako ndiko Machochwe, Kilimanjaro ilikuwa mbali mno. Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati, karibu na Ziwa Victoria, mwaka 1934, na hospitali yao ikawa kimbilio la wagonjwa wa ukoma na wa kifua kutoka sehemu nyingi za mkoa. Ukoma na kifua kikuu husababishwa na bakteria wa jamii moja, na yote mawili yalimtenga mtu na watu wake kwa miezi au miaka. Ndiyo maana serikali ya Tanzania ilipokuja kuanzisha mpango wa taifa iliyashughulikia magonjwa hayo pamoja, na hadi leo kila wilaya ina mratibu mmoja wa kifua kikuu na ukoma.

Katika enzi hiyo hapakuwa na madhara ya dawa kwa sababu dawa zenyewe hazikuwapo. Waliougua bila tiba, karibu nusu walikufa ndani ya miaka 5. Ni vizuri kulishika hilo moyoni tunapoendelea, maana bila hilo ni rahisi kuzilaumu dawa zaidi ya zinavyostahili.

Sindano iliyozima masikio, 1943–1954

Mwezi Oktoba 1943, katika maabara ya Selman Waksman kwenye Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, mwanafunzi Albert Schatz alitenga dawa kutoka kwa kiumbe hai cha udongoni. Wakaiita streptomaisini. Mwishoni mwa 1944 mgonjwa wa kwanza wa kifua kikuu akadungwa.

Uingereza haikuwa na fedha za kununua dawa ya kuwatosha wagonjwa wake wote baada ya vita. Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo likaamua kupiga kura ya nani apate na nani asipate, na hapo ukazaliwa mtindo wa majaribio ya tiba unaotumika duniani hadi sasa. Matokeo yalichapishwa 1948. Kati ya wagonjwa 55 waliopata sindano, 4 walikufa ndani ya miezi 6. Kati ya 52 waliolazwa tu bila sindano, walikufa 14. Lakini ripoti hiyohiyo ilisema kwamba 36 kati ya wale 55 walipatwa na kizunguzungu. Dawa ilikuwa ikiharibu sehemu ya ndani ya sikio inayomsaidia mtu kusimama wima, na kwa wengine usikivu pia. Ujuzi huo, basi, una umri sawa na ushahidi kwamba dawa inaponya.

Mwaka huohuo mwandishi George Orwell alikuwa amelazwa hospitali ya Hairmyres, Scotland, na rafiki zake wakamtafutia streptomaisini kutoka Marekani. Ngozi ilimbabuka, mdomo ukajaa vidonda, nywele na kucha zikaanza kutoka. Madaktari wakasimamisha dawa, na mwaka 1950 alikufa kwa ugonjwa huo. Dawa zake zilizobaki walipewa wagonjwa wengine.

Kisha zikaja nyingine mbili. Jörgen Lehmann wa Sweden alitoa PAS, iliyomezwa gramu 10 na zaidi kwa siku, ikichafua tumbo kiasi kwamba wagonjwa wengi waliificha au kuitupa. Mwaka 1952 ikaja isoniazidi, ambayo ilikuwa imetengenezwa na wanakemia wa Prague tangu 1912 bila mtu kujua inafaa kitu gani. Ilikuwa rahisi, yenye nguvu na ya kumeza. Wagonjwa wa hospitali ya Sea View, New York, waliokuwa hoi walinyanyuka vitandani.

Ndani ya miaka miwili hivi madaktari wakaona jingine: wagonjwa waliokunywa dozi kubwa walilalamika miguu kuwaka moto usiku, kisha vidole kufa ganzi. Kufikia 1954 sababu ilikuwa imejulikana. Isoniazidi huufanya mwili upoteze vitamini B6, na mishipa ya fahamu ikiikosa huharibika. Anayeumia haraka zaidi ni mwenye lishe duni, mjamzito, mnywaji pombe na mgonjwa wa kisukari. Kinga yake ni kidonge kidogo cha piridoksini, dawa ya bei ya chini kuliko karibu zote zitakazotajwa humu. Hata hivyo kwa miongo mingi iliyofuata, wagonjwa wengi wa vijijini Afrika walikunywa isoniazidi bila kidonge hicho, na waliporudi wakilalamikia miguu waliambiwa wavumilie.

Dawa ya bei ya maskini, 1946–1969

Ujerumani, Gerhard Domagk alikuwa ametengeneza dawa iliyoitwa tiasetazoni. Madaktari wa Marekani walioenda kuichunguza mwaka 1949 walirudi na taarifa zenye hofu: ini na damu viliathirika, na ngozi iliwaka upele. Nchi tajiri zilipopata isoniazidi, zikaiweka tiasetazoni kando.

Afrika Mashariki haikuweza kuiweka kando. PAS ilikuwa ghali na mzigo mzito kusafirisha. Isoniazidi peke yake ilizaa vijidudu sugu. Ilihitajika dawa ya pili ya bei nafuu ya kuisindikiza. Watafiti wa Kituo cha Uchunguzi wa Kifua Kikuu cha Afrika Mashariki, Nairobi, wakishirikiana na baraza lile la Uingereza, wakaipima upya tiasetazoni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Waligundua kwamba miligramu 150 pamoja na miligramu 300 za isoniazidi, katika kidonge kimoja kwa siku, vilifanya kazi sawa na isoniazidi na PAS.

Swali la madhara lilipimwa kwa upana katika nchi 13, na matokeo yakatoka katikati ya miaka ya 1960. Yalionyesha tofauti kubwa: Wachina wa Hong Kong na Singapore waliumia sana, ilhali Waafrika wa Mashariki waliivumilia vizuri kiasi. Kwa ushahidi huo, kidonge cha tiasetazoni na isoniazidi kikawa chakula cha kila siku cha wagonjwa wetu, kikisindikizwa na sindano za streptomaisini kwa wiki nane za mwanzo. Tiba nzima ilichukua miezi 12 hadi 18.

Siwalaumu watafiti wale. Walipima kwa uaminifu, na dawa yao iliokoa watu wengi ambao PAS isingewafikia kamwe. Lakini uamuzi ulikuwa umefungwa kwenye sharti moja ambalo halikuandikwa popote: miili ya watu wa Afrika Mashariki ibaki kama ilivyokuwa mwaka 1960. Haikubaki.

Miezi kumi na minane yageuka sita, 1970–1977

Rifampisini ilitoka maabara ya Lepetit, Milan, katikati ya miaka ya 1960, ikitokana na bakteria wa udongo wa kusini mwa Ufaransa. Ilikuwa ghali sana. Baraza lilelile la utafiti la Uingereza na madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia wakauliza swali la kijasiri: je, gharama hiyo ingefidiwa kwa kufupisha tiba?

Matokeo ya kwanza yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1972. Wagonjwa walitibiwa miezi 6 tu, wote kwa streptomaisini na isoniazidi, kila kundi likiongezewa dawa tofauti. Walioongezewa rifampisini, ugonjwa uliwarudia asilimia 3. Walioongezewa pirazinamidi, asilimia 8. Waliopata tiasetazoni, asilimia 22. Wasioongezewa kitu, asilimia 29. Tiba fupi inayotumika leo katika kila bara ilithibitishwa kwanza katika hospitali za Afrika Mashariki, kwenye miili ya wakulima, wafugaji na vibarua wetu. Jambo hilo linastahili kufundishwa shuleni.

Tiba kuwa fupi kulipunguza madhara kwa njia ambayo haisemwi mara kwa mara: miezi 12 pungufu ya kumeza sumu ndogondogo ni miezi 12 pungufu ya kuumiza neva na ini. Ila dawa mpya zilikuja na zake. Rifampisini hugeuza mkojo, machozi na jasho kuwa rangi ya chungwa, jambo lisilodhuru lakini linalomtisha asiyeambiwa, hata akadhani anakojoa damu. Huvunja pia nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, kwa hiyo mwanamke asiyeonywa anaweza kushika mimba katikati ya dozi. Pirazinamidi huumiza viungo na, pamoja na isoniazidi na rifampisini, huweza kulichoma ini. Anayekunywa gongo kila jioni yuko hatarini zaidi.

Hapa pana jambo linaloigusa Machochwe moja kwa moja. Vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, vinavyomfikia mtu hasa kwa maziwa mabichi, vimethibitishwa kuwapo katika mifugo ya Tanzania na katika wanyamapori wa ikolojia ya Serengeti. Vijidudu hivyo kwa asili havisikii pirazinamidi. Mfugaji aliyeambukizwa na ng'ombe wake hubeba hatari yote ya dawa hiyo kwenye ini na viungo vyake bila kupata faida yake, na kipimo cha makohozi cha kawaida hakiwezi kumtofautisha na jirani yake. Kuchemsha maziwa, katika nchi ya wafugaji, ni sehemu ya mazungumzo ya madhara ya dawa.

Mpango wa taifa na Dokta Styblo, 1977–1990

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ikisaidiwa na Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu. Mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu baada ya kufungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Labda ndiyo sababu hakuwa na subira na nadharia. Alitaka daftari, darubini, na dawa isiyokatika katika kila wilaya.

Kwa kuwa rifampisini ilikuwa ghali, ilitumika miezi 2 ya mwanzo tu, mgonjwa akiwa amelazwa na kusimamiwa, akidungwa streptomaisini kila siku. Miezi 6 iliyofuata alienda nyumbani na kidonge cha isoniazidi na tiasetazoni. Mfumo huo wa miezi 8 ulifanikiwa kuliko watu walivyotarajia. Benki ya Dunia iliuchambua, na Shirika la Afya Duniani, likishatangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, likaueneza duniani kote. Nchi maskini ilikuwa imewafundisha matajiri namna ya kupanga tiba.

Lakini angalia daftari la Styblo lilirekodi nini. Lilirekodi aliyepona, aliyemaliza dozi, aliyekufa, aliyeshindwa na tiba, aliyehama na aliyetoroka. Hapakuwa na safu ya aliyepoteza usikivu au aliyebaki na ganzi. Mgonjwa aliyeacha dawa kwa sababu ilimtapisha kila asubuhi aliandikwa mtoro, sawa na aliyeacha kwa uzembe. Aliyepofushwa na takwimu hizo alikuwa mratibu mwenyewe: angejuaje kwamba kijiji fulani kina watoro wengi kwa sababu tu hawakuwa na chakula cha kumezea dawa? Kosa hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Dunia nzima ililinakili pamoja na mafanikio.

Ngozi zinapobabuka, 1983–2004

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kabla muongo haujaisha, wodi za kifua kikuu za ukanda mzima wa ziwa zilikuwa zimejaa watu wenye magonjwa yote mawili. Hapo sharti lisiloandikwa la mwaka 1960 likavunjika. Madaktari walianza kuona wagonjwa wenye kidonge cha tiasetazoni wakitokwa na upele mkali, kisha ngozi ikichunika mwili mzima kama ya mtu aliyeungua.

Ushahidi ulitoka Nairobi, jiji lilelile lililoikubali dawa hiyo miaka 30 nyuma. Mwaka 1991 watafiti waliandika kwenye Lancet kwamba kati ya wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI waliopewa tiasetazoni, mmoja kati ya watano alipata madhara ya ngozi. Kati ya wasio na virusi, alikuwa mmoja kati ya mia. Watatu ambao ngozi ilichunika kabisa walikufa wote. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri wenye virusi wasipewe dawa hiyo, na jaribio la Uganda lililochapishwa 1994 likaonyesha kuwa rifampisini ilikuwa salama zaidi kwao.

Basi kwa nini tiasetazoni haikutoweka siku ile? Kwa sababu mbadala wake, ethambutoli, ulikuwa na bei kubwa mara kadhaa, na vituo vingi havikuwa na kipimo cha virusi cha kujua nani yuko hatarini. Yalikuwapo mabishano mazito: wengine walisema wagonjwa waonywe waache kidonge mara upele uanzapo, na dawa ibaki. Fikiria maana ya ushauri huo kwa mtu anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hospitalini. Tiasetazoni iliondolewa hatua kwa hatua, kwa wenye virusi kwanza na kwa wote baadaye, kadiri ethambutoli ilivyoshuka bei. Nayo ethambutoli ina lake: dozi ikizidi huathiri mshipa wa jicho, mtu akaanza kuchanganya nyekundu na kijani. Mtoto mdogo hawezi kulisema hilo, ndiyo maana madaktari waliogopa kumpa.

Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi kwa mpango wa taifa mwaka 2004, na hesabu ikawa ngumu zaidi. Rifampisini huishusha nevirapini, mojawapo ya dawa hizo, katika damu, na zote mbili huchosha ini. Stavudini, iliyokuwamo katika kidonge cha kwanza cha wengi kwa sababu ya unafuu wake, huua neva za miguu kama isoniazidi inavyofanya. Mgonjwa mwenye dozi zote mbili aliwaka mara mbili. Ilikuwa 2009 ndipo Shirika la Afya Duniani liliposhauri stavudini iachwe kote, miaka mingi baada ya nchi tajiri kuiacha.

Bei ya usugu, 2006–2018

Kuanzia 2006 Tanzania ilimruhusu mgonjwa kuchagua kumeza dawa nyumbani, akisimamiwa na ndugu au jirani aliyemteua mwenyewe. Rifampisini ikatumika hadi mwisho, tiba ikawa miezi 6, sindano zikaondoka kwa wagonjwa wapya. Kwa mtu wa kata kama Machochwe hayo yalikuwa mapinduzi: hakulazimika tena kuacha shamba la mahindi na mifugo kwa miezi 2 ili adungwe.

Wagonjwa wa aina mbili walibaki na sindano. Wa kwanza ni yule ambaye ugonjwa umemrudia. Huyo alipewa tiba ya miezi 8 yenye streptomaisini, na ilikuwa 2017 tu ndipo Shirika la Afya Duniani liliposema mfumo huo uachwe. Tangu zile namba 36 kati ya 55 za mwaka 1948 ilikuwa imepita miaka 69.

Wa pili ni mwenye kifua kikuu sugu, yaani TB sugu. Tiba yake ilianza kutolewa Kibong'oto mwaka 2009, mahali palepale pa kituo cha mkoloni. Mgonjwa wa Mara alisafiri hadi Kilimanjaro, pengine kwa basi linalokatiza hifadhi ya Serengeti na Ngorongoro hadi Arusha, akakaa mbali na watu wake kwa miezi. Tiba ilichukua miezi 20 au zaidi. Kanamaisini au amikasini ilidungwa kila siku kwa nusu mwaka na zaidi. Hizi ni ndugu wa streptomaisini, na huua chembe za sikio ambazo haziotei tena. Ethionamidi ilitapisha. Saikloserini iliingia akilini: wengine walisikia sauti, wengine walizama katika huzuni hadi kufikiria kujiua. Aliyesikia mlio masikioni alikuwa na uchaguzi wa kikatili kati ya kusikia na kuishi, na wengi hawakujua kwamba wanachagua, kwa sababu kupima usikivu kunahitaji mashine na chumba kimya, vitu vilivyokuwa adimu.

Aliyelipaza jambo hili duniani ni Phumeza Tisile, kijana wa Khayelitsha, Afrika Kusini. Aligundulika 2010, akapoteza usikivu kwa kanamaisini, akameza vidonge zaidi ya 20,000, akapona 2013. Mwaka 2019, pamoja na Nandita Venkatesan wa India aliyepoteza usikivu kwa njia hiyohiyo, alipinga ombi la kampuni la kurefusha hataza ya bedakwilini, dawa mpya ya TB sugu, nchini India. Mwezi Machi 2023 ombi hilo lilikataliwa.

Bedakwilini ndiyo iliyofungua mlango. Iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2012, na kwa miaka kadhaa ilihesabiwa kuwa dawa ya mwisho kabisa, ghali na ya kuogopwa kwa sababu hubadili mapigo ya moyo. Mwezi Juni 2018 Afrika Kusini iliamua kuitumia badala ya sindano, na miezi michache baadaye Shirika la Afya Duniani likazishusha sindano hadi chini ya orodha. Mwaka huo dozi ya miezi 6 iliuzwa dola 400 kwa nchi maskini. Hataza ilipolegea mwaka 2023 na viwanda vingine kuruhusiwa kuitengeneza, ikashuka hadi karibu dola 130. Ni wazi bei iliamua kasi.

Miguu tena, 2019 hadi sasa

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Afrika Kusini kwa wagonjwa 109 wa usugu mbaya kuliko wote, waliotibiwa kwa bedakwilini, pretomanidi na linezolidi kwa takriban miezi 6. Asilimia 90 walifanikiwa, katika ugonjwa ambao awali uliua wengi wao. Asilimia 81 walipata maumivu au ganzi ya neva kutokana na linezolidi, na karibu nusu damu yao iliathirika. Safari hii watafiti hawakungoja miongo. Jaribio lililofuata lilipunguza dozi ya linezolidi kutoka miligramu 1,200 hadi 600, na ganzi ikashuka hadi asilimia 24 bila kupunguza uponyaji. Mwishoni mwa 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tiba ya miezi 6 kwa dozi hiyo ndogo.

Watoto nao walikumbukwa, kwa kuchelewa. Hadi 2016 mzazi alikata vidonge vya mtu mzima kwa kisu akikisia robo na nusu, dozi ikizidi leo na kupungua kesho. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kutumia, mwishoni mwa mwaka huo, vidonge vya watoto vyenye ladha ya matunda vinavyoyeyuka kwenye maji.

Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linataka kila nchi inayotumia dawa mpya za TB sugu ifuatilie madhara kwa utaratibu na kuyaandika. Tanzania ina fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo mhudumu yeyote wa afya anaweza kuijaza, na mgonjwa mwenyewe pia ana njia ya kutoa taarifa. Ile safu iliyokosekana kwenye daftari la Styblo sasa ipo, ila mara nyingi hubaki tupu, kwa sababu zahanati yenye mhudumu mmoja au wawili huijaza pale tu mtu anapoanguka.

Zahanati ya kijijini haina mashine ya kupima moyo wala ya kuhesabu chembe za damu, na mgonjwa wa TB sugu lazima afuate vipimo hivyo mjini, kwa nauli yake au ya mradi. Lakini ganzi haidai mashine. Inadai mgonjwa avue viatu, aulizwe kwa Kikurya kama hiyo ndiyo lugha anayoumia nayo, na mhudumu amguse vidole kwa pamba huku mgonjwa amefumba macho. Macho ya manjano huonekana mchana mlangoni. Mlio wa masikio hujulikana kwa kuuliza. Vidonge vya B6 vinaweza kutolewa siku ileile ya dozi ya kwanza, kwa kila mjamzito, kila mnywaji, kila mwenye virusi na kila aliyekonda, kwa maana kinga hiyo imejulikana tangu 1954.